Wanajua kusema na kila mtu, isipokuwa mchimbaji

Siku ya soko hapa Walungu, utakuta vijana wamejaa mu chumba kidogo chenye televizyo na pano ya jua. Kila mechi wanalipa franga kidogo, na mwenye kufungwa anaachia mwengine maneti. Kati yao kuko wachimbaji. Wiki nzima wako mu mashimo upande wa Nzibira. Siku ya soko wanakuwa Messi.

Mimi ni mtu wa sendika ya wachimbaji, si mtu wa michezo. Lakini mtoto wangu ananiombaka mega kila siku juu ya Free Fire. Nikamuuliza: huu mchezo nani alikujulisha? Akajibu: "Papa, Ronaldo iko mu ndani!"

Ni kweli. Mwisho wa mwaka 2020, Garena, kampuni ya Singapore, ilimuingiza Cristiano Ronaldo mu mchezo huo kama mpiganaji. Kuupakua ni bure, na uliundwa ili utembee hata mu telefone ya bei ya chini. Nyuma wanauzisha "almasi" za kununua nguo na vitu vingine vya mchezo. Sisi tunajua almasi ya Mbujimayi. Hii haina jiwe, lakini inakula franga za kweli.

Njo vile wanafanyaka: kila mtu na neno lake. Kwa FIFA 16, mwaka 2015, Messi alikuwa ku jalada. Lakini Ufaransa walimuweka pamoja na Griezmann, na Marekani pamoja na Alex Morgan, maana timu za wanawake ziliingia mu mchezo ule mwaka. Nintendo, mu matangazo ya Wii ya 2006, ilionyesha hata wazee wakicheza na wajukuu. Na Sony, mwaka 2000, ilikuwa na PlayStation 2: kijana aliona michezo, mzazi aliona mashine inayosoma pia filamu za DVD.

Sisi huku Kivu hatukusikia lile tangazo. Tulisikia bei. Mwisho wa 2000 bei ya koltani ilipanda mara nyingi, watu wakaacha mashamba na masomo, wakaenda kuchimba. Mu 2001 ikaanguka. Mwenye alikuwa ameuza mbuzi ili anunue beleshi, alibakia na beleshi. Kule inje wengine waliita mambo yetu "vita ya PlayStation". Jina hilo halitoshi: telefone na kompyuta pia zilitaka tantali yetu, walanguzi walificha mali, na vita ilikuwa imeshaanza. Lakini tantali inayotoka mu koltani iko mu vipande vidogo vinavyotunza kuran mu zile mashine, na bati ya kasiterite njo inaunganisha vipande.

Mu 2011, kikundi Molleindustria kilitoa mchezo wa telefone, Phone Story. Mu sehemu moja, mchezaji anasimamia watoto wanaochimba koltani Kongo. Apple iliuondoa upesi mu duka lake.

Wenye hisa, nao, wanaandikiwa. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 inaomba makampuni yenye hisa kule yatoe ripoti kama madini yao yanatoka Kongo ao kwa majirani. Mu mwezi wa tisa ule mwaka, serikali yetu ilifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Miezi sita bila kazi. Nani alikuja kumueleza mama mwenye mumewe alirudi nyumbani mikono mitupu?

Wapenzi wasomaji, siombi wafunge michezo. Naomba kampuni yenye kujua kusema na babu na kijana iseme na mchimbaji pia: kwa redio, mu Kiswahili na Mashi, ielezee bei ya soko, na ni nini inakatwa kati ya shimo na kiwanda.

Ile siku niliuliza vijana mu chumba: mu hii maneti kuko nini yetu? Mmoja, mchimbaji, akaigeuza, akasoma ku mugongo.

"Wameandika China," akasema.

Kisha akaipitisha kwa mwenzake. Alikuwa amefungwa mbili bila.