Kwaya Nayo Ijisikie

Ndugu wafanyakazi, kwaya ikiimba Mei Mosi hapa Puta, upepo wa Ziwa Mweru huchukua sauti. Mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele, na jioni koo limekauka.

Dawa ni spika ndogo ya kumrudishia sauti yake. Iwekwe chini mbele yake, imwelekee. Kipaza sauti cha waimbaji kwa kawaida hakipokei sana kwa nyuma, basi kiipe spika hiyo mgongo, la sivyo kitapiga mluzi. Visikilizio vya masikioni havina mluzi, lakini ni ghali, na kila mmoja ahitaji vyake.

Msizidishe sauti. Kama kiwandani, wataalamu hushauri desibeli 85 zisizidi saa 8. Zikiwa 88, saa 4 tu. Sikio likishakufa, ndugu, hakuna fidia ya kulirudisha.