Mfumo Upo, Mwalimu Yuko Wapi?

Katika kozi ya mtandaoni, kitu rahisi kuliko vyote kukipata ni mfumo wenyewe. Moodle, ambao Martin Dougiamas wa Australia aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, haulipiwi leseni. Chuo chenye seva na fundi anayeijua kazi yake kinaweza kuusimika ndani ya siku chache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinautumia, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vilevile. Lakini kozi mbili zilizomo ndani ya mfumo uleule zinaweza kuwa mbingu na ardhi. Ukiingia katika moja, unakuta kuna mtu. Ukiingia katika nyingine, unakuta rundo la faili za PDF, tarehe ya mtihani, na swali la mwanafunzi lililoulizwa wiki tatu zilizopita ambalo hadi leo halijajibiwa.

Kinachozitenganisha ni jinsi mhadhiri alivyoandaliwa, na jinsi mwanafunzi anavyosaidiwa anapokwama.

Vyuo vilivyofundisha kwa mbali kabla ya intaneti vililijua hilo mapema. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kusomesha kwa posta mwaka 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1969 kilitumia redio na televisheni, lakini nguvu yake kubwa ilikuwa mkufunzi aliyekabidhiwa kundi la wanafunzi, akasahihisha kazi zao na kuwaandikia maelezo marefu pembeni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilifungua vituo mikoani ili mwanafunzi wa Kigoma au Lindi awe na mlango wa kubisha. Intaneti ilikuja kuharakisha usafirishaji wa masomo. Haja ya mkufunzi ilibaki palepale.

Tulilisahau hilo Machi 2020, vyuo vilipofungwa Tanzania na Kenya kwa sababu ya Uviko-19. Mwezi huohuo Charles Hodges na watafiti wenzake huko Marekani walionya kwamba kuhamisha masomo mtandaoni kwa dharura si sawa na kozi ya mtandaoni iliyopangwa tangu mwanzo. Dharura ilipita, ila mazoea yake yalibaki: pakia slaidi, tuma kiungo cha kipindi cha mubashara, subiri mtihani.

Tiba inayopendwa na vyuo vingi ni warsha. Wahadhiri wanakusanywa ukumbini siku mbili, mtaalamu anawaonyesha kitufe cha kupakia faili na kitufe cha kutunga jaribio, wanapewa vyeti, wanapiga picha ya pamoja. Muhula unaanza miezi miwili baadaye, na wengi wameshasahau kitufe kiko wapi. Hata anayekumbuka hajafundishwa lililo gumu zaidi: afanye nini wanafunzi 60 wanapokaa kimya.

Njia inayozaa matunda ni kumfanya mhadhiri awe mwanafunzi kwanza. Apewe kozi fupi ya wiki nne ndani ya mfumo uleule atakaoutumia, akiwa nyumbani kwake na kwa bando lake. Apotelewe na nywila, aulize swali asubiri jibu, awasilishe kazi asijue kama imefika. Gilly Salmon, Mwingereza aliyetoa kitabu kuhusu uendeshaji wa mijadala mtandaoni mwaka 2000, alipanga safari ya mwanafunzi katika hatua tano: kuingia na kupata hamasa, kufahamiana, kupeana taarifa, kujenga maarifa kwa pamoja, na hatimaye kujiendeleza mwenyewe. Wahadhiri wengi hurukia hatua ya nne wiki ya kwanza. Wanataka mjadala mzito kutoka kwa watu ambao hawajasalimiana, na baadhi yao hawajafanikiwa hata kuingia.

Baada ya hapo mafunzo yashuke hadi kwenye kazi yenyewe, mstari kwa mstari. Tuchukue somo la utangulizi wa uchumi. Mhadhiri ameandika kwenye jukwaa la majadiliano: "Jadili dhana ya mahitaji na ugavi." Atapata majibu 60 yanayofanana, mengi yamenakiliwa mahali pamoja, na hakuna atakayesoma la mwenzake kwa kuwa halina jipya. Sasa abadilishe: "Taja bidhaa moja ambayo bei yake imepanda au kushuka sokoni kwenu mwezi huu. Muulize muuzaji sababu. Eleza kama sababu hiyo inahusu mahitaji au ugavi. Kisha soma jibu la mwenzako wa mkoa mwingine, umwambie unapokubaliana naye na usipokubaliana naye." Wa Musoma ataleta dagaa, wa Kyela mchele, wa Tanga machungwa. Majibu hayawezi kufanana, na kila mmoja ana sababu ya kumsoma mwenzake. Kazi ya mhadhiri nayo inabadilika. Hana haja ya kujibu watu 60 mmoja mmoja. Mwisho wa wiki anaandika aya mbili zinazokusanya yaliyosemwa, akiwataja waliotoa hoja kwa majina, na kunyoosha palipopinda.

Mhadhiri afundishwe pia hesabu za bando. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 7.5 kwa dakika, yaani karibu 450 kwa saa. Sauti peke yake iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde inakula takribani megabaiti 2.4 kwa dakika 10, na maneno ya mtu mmoja anayezungumza yatasikika vizuri tu. Kwa hiyo mhadhara wa saa nzima wa kamera inayomtazama mhadhiri akisoma slaidi ni gharama anayobebeshwa mwanafunzi bila faida. Video ibaki kwa kile kinachohitaji kuonekana: namna ya kufunga kidonda, namna mchoro unavyojengwa hatua kwa hatua. Mengine yaende kwa sauti fupi na maandishi yanayofunguka kwenye simu.

Tugeukie upande wa wanafunzi. Kuna dhana kwamba kijana aliyekulia kwenye simu janja hahitaji kufundishwa teknolojia. Anajua TikTok, ni kweli. Hilo halimwambii jinsi ya kugeuza kazi yake kuwa PDF, kuipa faili jina linaloeleweka, au kutambua kwamba kitufe cha "hifadhi" hakijawasilisha kitu. Kila muhula wapo wanaopata sifuri kwa kazi iliyobaki kama rasimu ndani ya mfumo. Dawa ni nyepesi: wiki ya kwanza iwe na zoezi lisilo na alama. Mwanafunzi aandike aya moja kujitambulisha, aigeuze PDF, aiwasilishe, aone ujumbe wa kuthibitisha, kisha apate jibu la sentensi mbili kutoka kwa mhadhiri. Atakayekwama, akwame hapo, wakati hakuna kinachopotea.

Saa za msaada nazo zifuate saa za mwanafunzi. Wengi wanaosoma kwa mbali ni walimu, wauguzi, askari, watumishi wa halmashauri. Wanaketi kusoma saa 3 usiku, watoto wakishalala, ilhali dawati la msaada limefungwa tangu saa 9:30 alasiri. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliopewa mafunzo na posho kidogo wanaweza kushika zamu ya usiku kwa simu na WhatsApp. Kundi la WhatsApp lina faida yake, mradi lisigeuke kuwa darasa la pili. Tarehe, maelekezo na alama vikae kwenye mfumo, ambako kila mmoja anavipata.

Tunaambiana kuuliza si ujinga, lakini darasani mhadhiri humsaidia hata asiyeuliza: anaona uso uliokunjamana, anarudia. Mtandaoni uso huo hauonekani. Badala yake mfumo huweka kumbukumbu za nani ameingia na lini. Mwanafunzi asiyeonekana kwa siku saba katika wiki mbili za mwanzo apigiwe simu. Barua pepe ya tangazo kwa wote haitoshi. Mara nyingi kilichomzuia ni kidogo: nywila, ada ambayo haijasoma kwenye mfumo, au kozi asiyojua ilipo. Akiachwa mwezi mzima anakuwa mmoja wa walioahirisha masomo, na wengi wa hao hawarudi.

Yote haya yanadai muda, na hapo ndipo uongozi wa chuo unapopimwa. Kama ratiba ya kazi ya mhadhiri inahesabu saa za kusimama darasani tu, saa anazotumia kujibu maswali na kuandika maelezo kwenye kazi za wanafunzi zinakuwa hisani yake, na hisani huchoka. Zihesabiwe kama ufundishaji, ziingie katika tathmini ya kupandishwa cheo.

Kwa mkuu wa idara anayetaka kujua kama kozi yake iko tayari, kipimo hakihitaji kamati. Achukue simu ya bei nafuu yenye bando la megabaiti 500, saa 3 usiku, aingie kama mwanafunzi. Atafute somo la wiki ya kwanza, asikilize, awasilishe zoezi, aulize swali moja. Kisha ahesabu ni saa ngapi zimepita hadi mtu akamjibu.