Kidole Chini ya Silabi: Ubongo wa Msomaji Mchanga wa Mulot

Binadamu huzaliwa na ubongo ulio tayari kwa lugha ya kusemwa, lakini hazaliwi na sehemu yoyote iliyotengwa kwa ajili ya kusoma, kwa kuwa maandishi yana umri wa takriban miaka 5,000 tu. Stanislas Dehaene wa Ufaransa na wenzake walichunguza watu wazima wa Brazili na Ureno, waliojua kusoma na wasiojua, na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba herufi huazima sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, inayotambua sura na vitu, nayo ikaunganishwa na sehemu zinazochambua sauti za lugha. Muungano huo haujileti; hujengwa kwa kufundishwa.

Huko Mulot, mji wa mpakani mwa Bomet na Narok nchini Kenya, mtoto mwenye Kikipsigis nyumbani hukabidhiwa shuleni Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Akikutana na neno "maharagwe", huweka kidole chini ya "ma", akaitamka, akasogea hadi "ha", na afikapo "gwe" ile "ma" imekwisha kumtoka. Huo si uzito wa akili, na kumwita mzembe ni kumdhulumu: kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshikilia mambo machache kwa sekunde chache yanapofanyiwa kazi, ni finyu kwa kila mtu, nayo ikijaa silabi hukosa nafasi ya maana. Anayesoma kwa wepesi hubakiwa na nafasi hiyo; ndiyo maana mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, ulihesabu maneno ambayo mtoto husoma kwa dakika.

Hata hivyo, utafiti mwingi wa ubongo umetegemea wasomaji wa lugha za Ulaya, ilhali katika Kikipsigis toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, huweza kubainisha mtenda na mtendwa, na tahajia yake ya kawaida haiandiki toni. Tangu ripoti ya Gachathi kuhusu elimu ya Kenya, ya mwaka 1976, imependekezwa kwamba miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya eneo, pendekezo lenye busara, ila kusoma lugha hiyo kunadai mbinu yake: mtoto akishamaliza kuunganisha silabi, mwalimu amrudishe mwanzo wa sentensi aisome yote kwa sauti, ili toni ambayo karatasi haikuionyesha aipate katika maana.