Leza Hafifu na Kidonda Kisichofunga

Swali linaloulizwa sana katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Dandora, ni kama mwanga mwekundu wa leza unaweza kufunga kidonda cha kisukari kilichokaa unyayoni kwa miezi, nalo linastahili kujibiwa na sayansi kabla ya kujibiwa na mabango ya waganga kwenye nguzo za stima.

Leza inayohusika si ile ya upasuaji, inayokata na kuunguza, bali ni leza hafifu ambayo nguvu yake kwa kawaida haizidi miliwati 500. Madai kwamba huponya kwa kuchoma vijidudu hayana msingi. Vilevile hofu kwamba ina mionzi kama ya eksirei ni potofu, kwa kuwa mwanga mwekundu hauna nishati ya kung'oa elektroni kwenye atomu.

Kazi yenyewe hufanyika ndani ya mitokondria, yenye kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, ambacho hupokea oksijeni katika hatua za mwisho za kutengeneza ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli. Seli inapotaabika, gesi ya nitriki oksaidi hujishikiza pale oksijeni inapopaswa kukaa, kama abiria aliyesimama mlangoni mwa matatu akawazuia wengine kupanda. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, mwanga wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 600 hadi 900 humezwa na kimeng'enya hicho, gesi ikabanduka, oksijeni ikapata nafasi, ATP ikaongezeka, na fibroblasti, ambazo ni seli zinazotengeneza kolajeni ya ngozi, zikagawanyika na kuhamia kwenye pengo la kidonda.

Dalili za kwanza za athari hiyo zilionekana Budapest mwaka 1967, Endre Mester alipomulika panya walionyolewa, manyoya yao yakaota upesi. Hata hivyo, fundisho kubwa zaidi limetoka Chuo Kikuu cha Johannesburg, ambako Heidi Abrahamse na wenzake walimulika fibroblasti za binadamu zilizojeruhiwa kwa mwanga wa nanomita 632.8, wakaona kwamba jouli 5 kwa kila sentimita ya mraba ziliziamsha, ilhali jouli 16 ziliziharibu hadi kwenye DNA. Kwa hiyo anayeuza tochi nyekundu bila kujua jouli zake anauza taa tu, na kuiita tiba ni kuwadhulumu wagonjwa. Isitoshe, melanini ya ngozi nyeusi humeza sehemu ya mwanga, hivyo vipimo vilivyopatikana kwa ngozi nyeupe havihamishwi ovyo.

Kuhusu vidonda vya miguu, majaribio mengi bado ni madogo. Ushahidi ulio imara zaidi unahusu vidonda vya kinywani vinavyowapata wanaotibiwa saratani.

Leza haishushi sukari, wala haimrudishii hisia za mguu mgonjwa asiyejua kwamba kiatu cha mtumba cha Gikomba kinamchubua kidole. Majivu, dawa ya meno na unga wa kapsuli visitiwe kidondani kabisa. Sukari ipimwe, kiatu kibadilishwe, na kidonda kilichoanza kunuka au kubadilika rangi kifikishwe hospitali, kama Mama Lucy Kibaki, siku hiyohiyo.