Faida ya Tufaha Iko Kwenye Ganda

Aprili 2025, Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, alipiga marufuku mazao ya Afrika Kusini na Malawi kuingia nchini, akasema hakuna Mtanzania atakayekufa kwa kukosa zabibu na matufaha ya Afrika Kusini. Kwa upande wa Afrika Kusini ugomvi ulikuwa wa ndizi: kwa miaka mingi ndizi zetu zilikuwa hazipewi ruhusa ya kuingia kule. Siku chache baadaye pande zikazungumza, marufuku ikaondolewa, na maepo yakarudi kwenye sinia za wachuuzi wa Moshi.

Kitabibu waziri alisema kweli. Ila si kwamba tufaha halina kitu. Linacho, tatizo ni kwamba wengi wetu tunalisifia kwa kile lisichonacho.

Chukua vitamini C. Gramu 100 za tufaha zina chini ya miligramu 5. Pera, lile lile linalodondoka na kuoza chini ya miti vihambani, lina zaidi ya miligramu 200 kwa uzito huo huo. Anayenunua epo ili apate vitamini C amekosea meza. Na matufaha mengi ya sokoni yamekaa miezi kwenye maghala baridi yaliyopunguzwa oksijeni kabla ya kutufikia, na hata hicho kidogo hupungua humo.

Lililobaki ndilo lenye maana. Zaidi ya gramu 85 kati ya hizo 100 ni maji, 10 hivi ni sukari, na 2 na kitu ni nyuzinyuzi. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo ni pektini, ambayo ikilowa tumboni huwa kama uji mzito. Huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, hunasa sehemu ya nyongo na kutoka nayo, na ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Pektini isiyomeng'enywa huwafikia bakteria wa utumbo mpana, wanaoichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Juu ya hayo kuna polifenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa ulinzi wake, na zimejaa zaidi kwenye ganda na nyama iliyo chini yake tu. Mtu anayemenya epo kwa kisu akampa mtoto sehemu nyeupe amejitahidi kutupa alichokinunua.

Polifenoli hizo unaweza kuziona zikifanya kazi. Kata tufaha, liache mezani wakati maji ya chai yanachemka, utalikuta limekuwa la kahawia: polifenoli zimekutana na hewa, kimeng'enya kikazigeuza rangi. Akina mama wa Kibosho na Marangu wanaujua mchezo huo siku nyingi. Ndizi mshare zikimenywa kwa ajili ya mtori hutumbukizwa majini papo hapo, la sivyo zinasawijika, na vidole vya mmenyaji hubaki na weusi usiotoka kwa sabuni. Kemia ni ile ile. Ndizi mbichi nayo ina wanga sugu unaofika utumbo mpana bila kumeng'enywa, kama pektini. Moto hupunguza sehemu kubwa ya wanga huo, na ndizi zikipoa kiasi fulani hurudi.

Sasa juisi. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 matufaha mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, kwa kiasi kile kile cha wanga. Juisi ilinyweka mara 11 upesi kuliko tunda zima kulika, ikashibisha kidogo kuliko tunda, na ikapandisha insulini juu zaidi. Mwaka 2013 uchambuzi wa taarifa za wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 wa Marekani ukaonyesha mwelekeo huo huo: waliokula zaidi matunda mazima, matufaha yakiwemo, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache, na waliozoea juisi walikipata zaidi. Uchambuzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tunda ndilo lililowakinga, maana mla matunda mara nyingi hufanya na mengine mema. Lakini ukiuweka pamoja na lile jaribio la 1977, mimi juisi ya boksi naiweka fungu moja na soda.

Ule usemi wa Waingereza kwamba tufaha moja kwa siku humfukuza daktari nao umepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichambua taarifa za watu wazima 8,399. Walaji wa tufaha kila siku hawakuonana na madaktari kwa uchache kuliko wengine, tofauti zao nyingine zilipozingatiwa. Walitumia tu dawa za kuandikiwa kwa uchache kidogo.

Kuhusu nta inayong'aa kwenye ganda, si sumu. Tufaha lina nta yake ya asili, na wafungashaji huongeza nyingine inayolika. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kitambaa kimoja cha mchuuzi kinachofuta maepo yote tangu asubuhi. Osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua. Mtoto mdogo mkunie, kipande kigumu kinaweza kumkaba.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 nchini hawafiki hapo. Kwa bei ya epo moja mjini Moshi unapata ndizi kisukari kadhaa, na parachichi lina nyuzinyuzi karibu mara tatu ya tufaha kwa uzito ule ule. Kama epo ndilo litakalokutoa kwenye biskuti za saa nne, kula epo. Kama unajinyima ili ulipate, sioni sababu.

Kuna mahali pamoja ambapo tufaha linaishinda ndizi ya mlimani. Utafiti wa kaya wa Moshi uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu 7 katika 100, na kwa wakazi wa mjini 15. Figo zikichoka sana, potasiamu hujaa kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huambiwa na daktari waipunguze. Gramu 100 za ndizi mbivu zina miligramu 358, parachichi 485, tufaha 107. Saa ya kuona wagonjwa, aliyekuja wodini na maepo mawili kwa mgonjwa wa namna hiyo amechagua vizuri kuliko aliyebeba mtori kwenye chupa ya chai.