Kabla Hujalipia Zaidi RAM Isiyokula Umeme

Laptopu nyingi utakazozikuta Boko, Dar es Salaam, zimenunuliwa zikiwa zimeshatumika: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, za kati ya mwaka 2011 na 2015. Zimeundwa imara, lakini nyingi zina RAM ya GB 4, na hiyo leo haitoshi. Fungua kurasa chache za intaneti pamoja na faili la Excel, mashine inaganda. Kuongeza RAM ni tiba nafuu. Ukifika dukani, Tegeta au Kariakoo, muuzaji anaweka mbili mezani: DDR3 ya kawaida na DDR3L. “Hii yenye L haili umeme, bosi. Ongeza kidogo tu.”

Hasemi uongo. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5. DDR3L, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2010 na JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya RAM, hutumia volti 1.35. Umeme unaoliwa na chipu hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo punguzo linakaribia asilimia 19. Igeuze sasa asilimia hiyo iwe shilingi. RAM ya GB 8 ikifanya kazi kwa nguvu hula kama wati 2 hadi 3, maana yake unaokoa nusu wati. Kwa saa nane kila siku, mwezi mzima unaokoa uniti 0.12. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, LUKU ya Sh 10,000 huleta takriban uniti 28, yaani kama Sh 357 kwa uniti. Nusu wati yako ina thamani ya Sh 43 kwa mwezi, Sh 515 hivi kwa mwaka. Ukiongezewa bei kwa Sh 10,000, fedha hiyo itarudi baada ya miaka 19. Aliye kwenye tarifu ya D1, ile ya wanaotumia umeme kidogo, anayelipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, atasubiri karibu mara tatu ya hapo.

Tena hesabu hiyo imempendelea muuzaji. DDR3L hukubali volti zote mbili, na anayeamua ni bodi ya laptopu. Kwenye mashine zenye prosesa ya Intel kizazi cha pili, kama i5-2520M ya mwaka 2011, bodi kwa kawaida hutoa volti 1.5, na RAM yenye L hula umeme uleule kama mwenzake. Ukichanganya moja yenye L na moja ya kawaida, zote mbili huendeshwa kwa 1.5. Hapo umelipia herufi.

Umeme ukikatika je? Chukua laptopu inayokula wati 12 na betri ya Wh 48: inakaa saa nne. Punguza nusu wati, umepata dakika kumi. Betri iliyochoka nusu inakupa tano. Kushusha mwanga wa kioo kunaokoa zaidi ya hapo, na ni bure.

Sababu ya kweli ya kununua L ni nyingine, nayo wauzaji wengi hawaitaji. Laptopu zenye prosesa ya kizazi cha nne na cha tano, mathalani i5-4300U na i5-5300U, zinahitaji DDR3L. Ukiweka ya kawaida, mara nyingi kioo kinabaki cheusi. Kwa hiyo EliteBook 840 G1 au ThinkPad X240 haina mjadala: L, hata kama inazidi bei. X240 ina sloti moja tu, na mwisho wake ni GB 8, basi nunua GB 8 mara moja. 840 G1 ina sloti mbili. Kama moja iko wazi, kuongeza GB 4 pembeni ya ile iliyomo kunatosha kwa kazi za ofisi na masomo. Mashine za kizazi cha pili na cha tatu, chukua iliyo rahisi. Zikiwa bei moja, chukua yenye L, maana utaweza kuihamishia kwenye mashine ya baadaye.

Fedha inayobaki ipeleke kwenye SSD. RAM ikijaa, laptopu huhamishia mzigo kwenye hadidiski, na hadidiski inayozunguka hula wati moja na nusu hadi mbili na zaidi ikifanya kazi, huku wewe ukisubiri. Jambo moja zaidi la kupima: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa hizi. Usimwage fedha nyingi kwenye mashine ya umri huu. GB 8 na SSD ndogo, ishia hapo; ukiweza, weka Linux.

Dukani, soma stika mwenyewe. PC3L-12800S ni yenye L. PC3-12800S ni ya kawaida. PC4 ni DDR4, haiingii kabisa. Nenda na laptopu yako, ipachikwe mbele yako, iwashwe, ufungue Task Manager uone GB zote zinasomeka. Halafu muuzaji aandike kwenye risiti siku anazokupa za kurudisha, kwa sababu RAM mbovu inaweza kuwaka vizuri dukani ikaanza kuzima mashine ukishafika Boko.