Ufundi wa Kambini, Cheti cha Uraiani

Ukambani, jeshi halijawahi kuwa bunduki tu. Mutisya Munge wa Wamunyu alichukuliwa na Vita vya Kwanza vya Dunia hadi Tanganyika, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo, na ufundi aliorudi nao unalisha familia za Machakos hadi leo.

Vijana wa Kathiani wanaochomelea mageti na madirisha karibu na Milima ya Iveti wanaweza kuifuata njia hiyo kwa chuma. Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) huandikisha mafundi wenye vyeti hadi umri wa miaka 30, ilhali askari wa kawaida hukomea 26. Asiye na cheti ana Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), iliyoanzishwa 1964. Si jeshi, lakini nidhamu yake ni ya kijeshi: kwata Gilgil, kazi za taifa, kisha chuo cha ufundi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana karo, ningemwelekeza huko kwanza.

Shida huja wakati wa kutoka. Mtu amechomelea trela na matangi kambini miaka mingi, lakini mwajiri wa Doha, huko Ghuba, haulizi cheo chake. Humpa bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, lisilozungushwa, alichomelee pande zote, hata kule anakolazimika kulala chali. Huo ndio mtihani wa 6G. Mshono hupigwa eksirei, au hukatwa vipande na kupindwa. Kasoro ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, amefeli.

Hata aliyefaulu hajatulia. Kwa kanuni za Kimarekani zinazofuatwa katika miradi mingi ya mafuta na gesi, fundi akikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia aliyopimiwa, hupimwa upya. Ndiyo maana huniuma kuona fundi wa jeshi akistaafu bila karatasi yoyote ya kazi aliyoifanya. Mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), kuanzia daraja la 3 hadi la 1, hupima kazi ya mikono. Aufanye akiwa bado kazini, maana mashine, umeme na vyuma vya kujifunzia vipo karakanani. Akishatoka, kila bomba la mazoezi atalinunua mwenyewe.

Wakala wa kazi za ughaibuni naye achunguzwe kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kupewa pasipoti au shilingi. Wala ughaibuni si Ghuba pekee: bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, nalo lilihitaji wachomeleaji wenye vyeti vya kimataifa.